Bahari Moja, Nyumba Mbili

Lugha yetu imelipa neno bahari kazi mbili. Bahari ni maji yale ya chumvi yasiyoonekana ng'ambo, na bahari ni umbo la utungo: utenzi una bahari yake, wimbo una yake, shairi la mizani 16 lina yake. Anayetaka kumjibu mtunzi mwenziwe hana ruhusa ya kujichagulia bahari aipendayo. Humfuata katika bahari ile ile, kwa vina vile vile na mizani ile ile, ndipo wasikilizaji wakaweza kupima nani kazama na nani kaibuka. Hiyo ndiyo adabu ya kujibizana, na wasomaji wa kurasa hizi hawana haja ya kufundishwa.

Nataka kuitumia adabu hiyo kupimia kitu ambacho pengine wengi wenu hamjapata kukitia katika mizani yoyote, nacho ni michezo miwili ya kompyuta, mmoja mkubwa na mwingine mdogo wake, yote miwili ya kuishi chini ya maji. Mkubwa waitwa Subnautica, nao ulitangazwa kuwa umekamilika Januari 2018. Mdogo waitwa Subnautica: Below Zero, na ulikamilika Mei 2021. Waliotengeneza yote miwili ni Unknown Worlds Entertainment wa Marekani. Najua yuko atakayeuliza jarida la mashairi lina haja gani na michezo ya watoto. Jibu langu ni fupi: maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na chungu anayezama kifuuni amezama kweli. Isitoshe, swali ninalolifuata halina utoto ndani yake. Nauliza: mtu akijenga ulimwengu, kisha akamwita mwenziwe aje kuishi humo, anadaiwa nini na huyo aliyeitika?

Naandika haya nikiwa Songea, mji ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako bahari ni habari tu. Mto Ruvuma huanzia hapa jirani, katika milima ya Matogoro, ukateremka hadi Bahari ya Hindi, kwa hiyo maji yetu yanaijua pwani kuliko tunavyoijua wenyewe. Lakini hapa neno maji si neno jepesi. Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, viliingiwa kwa ahadi kwamba dawa ya maji itazishinda risasi za Wajerumani. Na mji wenyewe umepewa jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906. Kila Februari mashujaa walionyongwa hukumbukwa. Sifananishi damu ile na mchezo, Mungu apishe mbali. Nalitaja jambo hili ili msomaji ajue kwamba mtu wa hapa akizungumza juu ya maji aliyoyaamini, kuna waliomtangulia.

Mchezo mkubwa waanza kwa ajali. Merikebu ya angani iitwayo Aurora yaanguka katika sayari ambayo karibu yote ni maji, na mtu mmoja, Ryley Robinson, ajikuta peke yake ndani ya kijumba cha kujiokolea kinachoelea. Pumzi yake ni ya sekunde 45. Anapiga mbizi, anaokota mabaki ya vyuma, anavua samaki, anajitengenezea maji ya kunywa, anakimbilia juu kuvuta hewa. Siku zinavyokwenda pumzi yake inarefuka na kina kinamwita. Humo mna viumbe wenye urefu wa zaidi ya mita 50, ambao ngurumo yao humfikia mchezaji kabla ya umbo lao, na yeye hana bunduki. Charlie Cleveland, aliyeiongoza kazi hii, alieleza kuwa uamuzi huo aliufanya baada ya mauaji ya watoto wa shule ya Sandy Hook, nchini Marekani, Desemba 2012: hakutaka kuiongezea dunia bunduki nyingine, hata kama ni ya mchoro. Dawa ya mnyama, basi, ni kukimbia, au kujificha, au kutokwenda alipo. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nililikalia kitako siku kadhaa. Katika mji huu tumezoea kisa chenye maji na risasi ndani yake. Hapa pana mtu aliyeyabakisha maji akaziondoa risasi.

Walakini kilichonivuta zaidi ni ujenzi. Mchezaji hupewa chombo kidogo cha mkononi, na kwa madini aliyoyachimba mwenyewe hujijengea makazi chini ya maji: ujia, vyumba, madirisha, bustani, kitanda. Kila makazi huanza na nguvu ya 10. Msingi ukiwekwa huongeza 2, na kipande cha chuma cha kuimarishia ukuta huongeza 7. Dirisha hupunguza 1. Ujia wa kioo hupunguza 2. Kadiri mtu anavyoteremka kujenga katika kina kikubwa zaidi, ndivyo kila upungufu unavyozidishwa, na hesabu ikianguka chini ya sifuri kuta hupasuka, maji yakaingia kwa kishindo, na mwenye nyumba akalazimika kukimbia na chombo cha kuchomelea huku maji yamemfika kifuani. Anayetaka kioo kingi ili awatazame samaki sharti alipe kwa chuma. Hiyo ni sheria kali, lakini ni sheria. Haimpendelei mtu, haibadiliki usiku, na aliyeivunja anajua saa aliyoivunja.

Wala nyumba ya chini ya maji si ndoto tupu. Mwaka 1963 Jacques Cousteau na wenzake waliizamisha nyumba katika Bahari ya Shamu, upande wa Sudan, kwa kina cha mita 10 hivi, wakakaa humo mwezi mzima. Karibu na kwetu zaidi, mwaka 2013 ilifunguliwa katika bahari ya Pemba, upande wa Kigomasha, nyumba ya wageni inayoelea ambayo chumba chake cha kulala kimezama mita 4 hivi. Mgeni hulala, samaki wakamchungulia. Hapigi hesabu yoyote ya kuta, kwa sababu kuna mwingine aliyempigia; amejilaza juu ya neno la fundi asiyemjua jina.

Sasa tuje kwenye aibu ya mchezo mkubwa. Tangu ulipotoka ulijulikana kwa uzuri wake na kwa hitilafu zake, na hitilafu nyingi zilikuwa nyumbani. Samaki wa nje walionekana wakiogelea katika hewa ya chumba kikavu. Udongo ulichomoza kupitia sakafu. Mtu aliyekuwa akitembea sebuleni aliweza kuanza kuelea kana kwamba bado yumo majini, au akapenya sakafu na kujikuta nje, gizani, mbali na mlango. Na ipo namna ya kuucheza mchezo huu, kwa wanaopenda shida, ambayo humpa mtu uhai mmoja tu: akifa, kila alichokijenga kimefutika. Mfikirie basi mtu aliyekaa wiki nyingi akihesabu kila kioo na kila chuma, asiyekosea hata hesabu moja, kisha akafa kwa sababu sakafu ilisahau kwamba ni sakafu.

Kuna vifo viwili hapa, na mimi naona tofauti yao ndiyo kiini cha swali. Aliyejenga vioo vingi mno katika kina kirefu mno akagharikishwa, ameadhibiwa na sheria aliyoijua. Anaweza kuudhika, anaweza hata kulia, lakini hana wa kumshitaki. Huyu aliyeangushwa na sakafu hakuadhibiwa na sheria yoyote. Sheria yenyewe ndiyo iliyomtoroka. Wa kwanza amekutana na ugumu wa dunia. Wa pili ameingizwa katika dunia isiyoshika neno lake. Machoni pa mtazamaji wote wawili wamezama.

Wahenga walituachia: usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumeutumia usemi huu kumkaripia mkaazi mvivu, na mkaazi mvivu anastahili. Lakini tazama unamsemesha nani. Unamsemesha aliye ndani, mwenye ukuta mbele ya macho yake na udongo mkononi. Haumsemeshi aliyejenga. Je, ufa ambao mkaazi hauoni, ambao haumo katika ukuta bali katika mkono wa fundi, huo auzibe nani? Watu wa Babeli walikuwa na jibu la kutisha: sheria za Hammurabi, za karibu miaka 3,700 iliyopita, ziliagiza kwamba nyumba ikimwangukia mwenyewe ikamuua, aliyeijenga auawe. Hakuna anayetaka kuirudisha hukumu hiyo. Ila waliokuwa Unguja tarehe 25 Desemba 2020, siku upande mmoja wa Beit al-Ajaib ulipoporomoka katikati ya matengenezo na watu wawili wakafariki, wanajua kwamba swali la Babeli halijazeeka. Jumba lile, alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa limesimama miaka 137. Mtu hupita chini ya ukuta mkongwe bila kuutazama, na kutoutazama kwake ndiyo imani yenyewe.

Nisifahamike vibaya. Sidai kwamba kila kinachovuja ni dhuluma. Mtepe wa Wabajuni, uliokuwa ukishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, ulivuja tangu siku ya kushuliwa. Kila baharia aliyeupanda alijua kwamba atakumba maji usiku na mchana. Uvujaji ule ulikuwa sehemu ya mapatano, kama ujira na kama tanga, na hakuna aliyeuona kuwa hila. Huku kwetu Wamatengo wa Mbinga hulima miteremkoni kwa ngoro: hupanga majani makavu katika miraba, wakayafunika kwa udongo, wakaacha shimo katikati ya kila mraba, na mvua ikija hutuama mashimoni badala ya kuuteremsha udongo bondeni. Maji hayakukatazwa kuingia shambani, yalitengewa mahali. Kwa hiyo shida yangu si maji kuingia. Shida yangu ni maji kuingia mahali ambapo mjenzi alikwisha sema kwamba hayataingia.

Wapenzi wa mashairi hamtanishangaa nikisema kwamba ubishi huu ni wetu wa zamani. Kaluta Amri Abedi alipoziandika sheria za kutunga mashairi, katika kitabu kilichotoka 1954, alikuwa akiandika mapatano baina ya mtunzi na msikilizaji: nikianza hivi nitamaliza hivi, sikio lako likae tayari. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 aliyaacha mapatano hayo, na watu wakagombana miaka na miaka. Mimi sikupata kumwona Kezilahabi kuwa mvunjaji wa ahadi, kwa sababu hakuitoa. Tangu beti za kwanza alionyesha kuwa anakwenda njia nyingine, na atakaye amfuate. Anayeniudhi ni yule anayejinadi kwa vina na mizani, akatupeleka vizuri ubeti wa kwanza na wa pili, kisha katika wa tatu mizani ikapungua mmoja, kwa kuwa tu alichoka kuhesabu. Hapo sikio hupiga hatua pasipo ngazi. Ni sakafu ile ile.

Turudi kwenye kujibizana. Below Zero ulikuja kama jibu la mchezo wa kwanza, kwa hiyo tuna haki ya kuuliza kama umekaa katika bahari ya mwenziwe. Naanza na sifa zake. Nyumba zake ni bora. Umeleta vyumba vikubwa ambamo mtu anaweza kunyoosha miguu, na chumba cha uongozi ambamo mkaazi huyapa makazi yake jina na rangi. Haukukosa hitilafu zake, hata hivyo mtu alihisi kwamba waliojenga walikuwa wamejifunza. Halafu una huzuni ambayo mkubwa hauna. Robin Ayou, mwanamke anayeuongoza, hakutupwa na ajali. Amekuja kwa hiari yake katika sayari ile ile kutafuta ukweli wa kifo cha dada yake, Samantha. Mtu anayeingia majini kwa sababu amefiwa si sawa na mtu anayeingia kwa sababu ameanguka, na tofauti hiyo ilistahili mchezo mzima. Kwa bahati mbaya simulizi iliandikwa upya wakati kazi imekwisha fika mikononi mwa watu, na kiraka kinaonekana.

Lakini bahari yenyewe imepungua. Ni finyu kuliko ya kwanza, na kina chake hakifiki kile cha mkubwa wake. Sehemu kubwa ya safari imehamishiwa barafuni, nchi kavu, kwa miguu. Nyambizi ile kubwa ya kwanza, Cyclops, yenye mita 54, ambayo ilikuwa nyumba inayotembea na kila mlio wake wa chuma ulimtia mtu baridi, imeondoka. Mahali pake pamewekwa chombo cha mabehewa, kizuri, chepesi, kisichomtisha mtu. Na kimya kimeondoka. Ryley hakusema neno tangu mwanzo hadi mwisho, ndiyo maana tuliisikia bahari. Robin anasema, na ndani ya kichwa chake mna kiumbe mwingine naye anasema. Wanayosema si mabaya. Lakini mtu aliyeko chini ya maji mita mia kadhaa akipata wa kuzungumza naye, kina kimekwisha.

Kwa adabu ya kujibizana, basi, mdogo amekosea: amejibu kwa vina vizuri katika bahari nyingine.

Hapa ndipo yalipozuka mabishano baina yangu na kijana mmoja wa Bombambili, mtoto wa jirani, ambaye hajapata kuiona bahari ya kweli na ambaye ndiye aliyenitia katika mambo haya. (Gridi ya taifa ilitufikia Songea mwaka 2018, kabla ya hapo mji uliwashwa kwa majenereta ya dizeli, na mwenye kompyuta alijifunza subira kuliko kitu kingine.) Kijana huyu ana hoja, na nimeisikia pia kwa watu wazima wenye elimu zao. Husema hivi: "Mwalimu, zile hitilafu ndizo zilizoufanya mchezo wa kwanza uogopeshe. Hujui sakafu itafanya nini, kwa hiyo hutulii. Wa pili wameurekebisha, na kwa kuurekebisha wameuua." Yaani ubovu na haiba ni kitu kimoja, ukikiondoa kimoja umekiondoa cha pili.

Hoja hii ni tamu, na utamu wake unanitia shaka. Ndiyo hoja ya kila mwenye nyumba ya kupangisha anayemwambia mpangaji kwamba paa linalovuja ndilo linaloipa nyumba hewa. Ndiyo hoja ya mtunzi mvivu anayeuita upungufu wa mizani kuwa ni uhuru. Nilimwuliza kijana: mnyama yule anapounguruma gizani, unaogopa kwa sababu hujui programu imeandikwaje, au kwa sababu yupo, na ni mkubwa, na wewe huna bunduki? Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ni yote mawili. Sikukubali. Hofu ya mnyama humfanya mtu akae macho, ahesabu pumzi, apange njia ya kurudi. Hofu ya sakafu humfanya aache kujenga. Hofu moja inampa kazi na nyingine inamnyang'anya.

Mabishano yale yangebaki maneno matupu kama si jambo lililotokea Desemba 2022. Waliotengeneza waliurudia mchezo mkubwa, miaka karibu mitano baada ya kuukamilisha, wakautolea marekebisho waliyoyaita Living Large. Humo walichukua vyumba vikubwa na vifaa vingine vya ujenzi vya mdogo, wakampa mkubwa, na papo hapo wakaziondoa hitilafu kwa mamia. Mdogo alimjengea kaka yake nyumba. Na bahari haikuguswa. Kina kilibaki kina, kimya kilibaki kimya, Cyclops akabaki na milio yake ya chuma, na mnyama yule hakupunguzwa hata jino.

Kwangu mimi ushahidi huo watosha. Laiti ubovu ungekuwa ndio roho ya mchezo, roho ingetoka siku ile. Haikutoka. Kijana alianza upya, akajenga chumba kikubwa ukingoni mwa genge lenye giza, na nikimpitia jioni namwona bado akiinua mkono kuniomba ninyamaze ngurumo inaposikika. Below Zero haukupungukiwa kwa sababu ya kurekebishwa. Ulipungukiwa kwa sababu waliojenga, nadhani, waliamini kwamba nyumba ya salama na bahari ya kutisha zinakula mfuko mmoja, ukiiongezea nyumba lazima uipunguzie bahari. Marekebisho yao wenyewe yakaja kuwakanusha.

Liko bado jambo linalonisumbua, nalo ni la ridhaa. Mchezo mkubwa ulianza kuuzwa Desemba 2014 ukiwa haujakamilika, na walionunua waliambiwa hivyo. Aliyeonyeshwa nyumba isiyoezekwa, akakubali kuhamia, hana haki ya kuishitaki mvua. Huyo ni baharia wa mtepe. Wengi wa wakaazi wale wa mwanzo walisaidia hata kuonyesha nyufa zilipo. Walakini Januari 2018 lilitamkwa neno "tayari", na neno hilo linabadilisha kila kitu. Samaki aliyeelea sebuleni mwaka 2015 alikuwa mzaha baina ya marafiki. Samaki yule yule mwaka 2018 ni deni.

Na neno "tayari" limeendelea kuwagombanisha. Kampuni ya Krafton ya Korea Kusini, iliyowanunua wajenzi hawa mwaka 2021, iliwaondoa viongozi watatu, Cleveland akiwa mmojawapo, mwezi wa Julai 2025, ikaahirisha mchezo wa tatu kwa kusema kwamba haujaiva. Waliotolewa wakafungua kesi katika jimbo la Delaware wakidai kwamba umeiva, na kwamba kuahirishwa kwake kunahusu malipo yanayoweza kufika dola milioni 250. Nani mkweli si kazi ya insha. Nilichokiona mimi ni kwamba pande zote mbili zilikuwa zikibishana kama nyumba inakalika, na wote walikuwa wakibishania uani, kwenye fedha. Mkaazi hakuulizwa.

Kijana wa Bombambili aliumaliza mchezo mkubwa mwezi uliopita. Kwa asiyejua, mwisho wake una kichekesho kikali: Ryley, baada ya kuiponya sayari nzima kwa maradhi yaliyokuwa yakiiua, anajiundia roketi na kuondoka, na akikaribia kwao anaarifiwa kwamba hana ruhusa ya kutua mpaka alipe deni la trilioni 1, thamani ya madini aliyoyatumia kujiokoa. Kampuni iliyompa chombo cha kujengea ilikuwa ikiandika kila kipande. Kijana alicheka sana, halafu akakunja uso. "Na wao, Mwalimu, wanadaiwa nini?" Nilimwambia aandike mwenyewe. Akachukua daftari lake la shule, akapiga mstari katikati ya ukurasa, akaandika ile trilioni upande wa kushoto kwa sifuri zake zote 12, akazihesabu mara mbili, na kabla hajaugusa upande wa kulia umeme ukakatika.